Mama Sifuri

Namba Saba alimwangusha mtahini. Alimwinua kitandani vizuri tu, ila alisahau kufunga breki za kiti cha magurudumu, kiti kikarudi nyuma kwa raha zake, na mama wa watu akatua chini, juu ya godoro la mazoezi.

"Sifuri," mtahini akasema akiwa palepale sakafuni. "Andika, karani, usinionee huruma. Halafu niinueni."

Karani akaandika. Yule mama hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo tangu asubuhi karani alikuwa ameketi kando ya kitanda na daftari lake, akiandika sifuri mpaka mkono ukazoea. Ofisini walimwita Mama Sifuri. Alikuwa hajatembea kwa miaka kumi na minane, na ulimi wake ulikuwa ukifanya mazoezi kwa niaba ya miguu.

Wahudumu wa watu wenye ulemavu walikuwa adimu mji mzima. Ndipo mashirika mawili ya hisani yakaungana kuanzisha kampuni: itafundisha watu, itawaajiri, itawapeleka majumbani, na faida itafundisha wengine. Wazo zuri, karani alikiri. Lakini wenye wazo sasa! Wakurugenzi wawili walimaliza miezi minne wakigombania nembo ya nani itangulie kwenye fulana. Walichopatana ni kimoja tu, kwamba mtihani usiwe na upendeleo: watahiniwa waje na namba kifuani na barakoa usoni, majina yakae ndani ya bahasha, na mtahini awe mtu anayehudumiwa kweli. Wakajipigia makofi kwa busara hiyo, wakaenda kupiga picha.

Karani aliwadharau wote wawili, na watahiniwa wao pia. Namba Tatu alimsemesha mtahini kama anabembeleza mtoto mchanga. Namba Tano alijibu simu huku mguu wa mtahini uko mkononi. Mtu pekee aliyestahili heshima katika jengo lile, kwa maoni yake, alikuwa Mama Sifuri, asiyedanganyika wala kubembelezeka.

Na karani alikuwa na lake. Mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Mpaka apatikane mhudumu, karani ndiye aliyemwogesha kila asubuhi, na kila asubuhi mama alifumba macho mpaka mwanawe wa kiume amalize. Hawakuwahi kulizungumza. Mwanamke wa kwanza kufaulu mtihani huu angekwenda kwake.

Akaja Namba Nane. Akamgeukia karani. "Samahani, huyu mama anakunywa chai?"

"Niulize mimi," mtahini akasema. "Masikio hayajapooza. Sifuri. Mwingine!"

Namba Tisa, mwanamke, aliingia kimya. Alifunga breki kwanza. Akasugua viganja mpaka vikapata joto, akaweka mto chini ya goti la kushoto, akapitisha mikono mgongoni, akahesabu hadi tatu kwa sauti ya chini, na Mama Sifuri akawa kitini kama aliyeketi mwenyewe. Alipomrudisha kitandani alimwogesha chini ya shuka, kiungo baada ya kiungo, bila kumwacha wazi hata kidogo. Karani alimtazama mtahini usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia kabisa.

 Karani alimwona mama yake mwenyewe pale kitandani, akitazama dari bila aibu.

Hata mkurugenzi mmoja, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alielewa. "Huyu ndiye! Akipita huyu, kesho saa moja asubuhi yuko kwa mteja."

"Kesho?" mtahini akauliza.

"Kesho hiyohiyo. Na atakayefuata tutakupa wewe, mama yetu."

"Mimi ninaye wangu."

Namba Tisa alitoka kusubiri nje. Mama Sifuri akatazama dari kwa muda mrefu kuliko alivyofanya kwa wengine wote.

"Sifuri," akasema.

Kalamu ya karani haikusogea. "Mama, huyu?"

"Mikono mizito. Unaandika au niite karani mwingine?"

Kwa mara ya kwanza karani alifikiria kudanganya. Angeandika tisini, nani angejua? Lakini ndivyo wanavyofanya akina wakurugenzi, akajiambia. Wanaona haraka yao, hawaoni mgonjwa. Yule mama amelala miaka kumi na minane mikononi mwa watu. Akisema mikono ni mizito, ni mizito, na mama yake mzazi hastahili mikono mizito. Akaandika sifuri. Iliuma, lakini aliiandika kwa fahari.

Saa kumi wakurugenzi walikwenda kulumbana juu ya nani amelifelisha kundi. Mtahini alikuwa amekwisha kusukumwa hadi getini, na karani aligundua kwamba yule mama amesahau mtandio wake kitandani. Akaukunja, akamkimbilia. Njiani alikuwa akitunga maneno ya kumshukuru.

Ng'ambo ya geti teksi ilikuwa imefunguliwa mlango. Namba Tisa alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, barakoa imeteremshwa kidevuni, akisugua viganja vyake.

"Nimekosea wapi, mama?" aliuliza huku akilia.

"Mikono, mwanangu. Bado mizito," Mama Sifuri akajibu, akamlalia begani. "Haya, twende nyumbani ukanilaze."