Ngiri na Zamu Mbili

Wanyama walipokuwa bado wanauguzana wenyewe, Ngiri alilazwa zahanati kwa kufunga choo. Asubuhi muuguzi Chiriku alimpa uji, kisha mafuta ya mbarika ya kulainisha tumbo. Adhuhuri akamkabidhi zamu Nyegere, muuguzi asiyebishiwa: akampa funguo, akamsimulia sare za harusi ya binamu yake mshono kwa mshono, akaenda zake. Habari za mgonjwa hakuzigusa.

"Umekula?" Nyegere akamuuliza Ngiri.

Ngiri akaona bahati imemjia. "Tangu jana sijatia kitu mdomoni, sista."

Akaletewa bakuli zima la uji, akalifuta. Nyegere akarudi na chupa ya mafuta.

"Hayo nimeshakunywa asubuhi," Ngiri akasema.

"Dawa hii haitolewi kabla ya chakula, na wewe umesema hujala tangu jana. Fungua mdomo."

Kesho yake wauguzi walipokutana mlangoni kukabidhiana zamu, walimkuta Ngiri amekaa katikati yao, macho yamemwingia ndani.

"Chiriku, kabla ya harusi, mwambie mwenzio nimekula nini, nimekunywa nini na nimekwenda chooni mara ngapi."

"Mara ngapi?" Chiriku akauliza.

"Kumi na saba," Ngiri akasema, kisha akainuka haraka. "Andika kumi na nane."