Joho la Siwema

Siku hizo ukienda kuishi nje, sharti uache nakala yako nyumbani: sura ile ile, sauti ile ile, hata kicheko. Siwema alikuwa na mwaka wa sita Oslo, na kila mwaka masta ilikuwa ya mwakani. Leo akampigia mama yake Tanga.

"Mama, nimeamua. Septemba naanza masta."

"Masta ipi tena? Nakala yako kachoka kukusubiri, kasoma. Jumamosi anavaa joho. Mtaa mzima wananiita Mama Masta, we acha tu."

Siwema akajaa fahari. Jina kwenye cheti ni lake, bwana.

"Fundi yupo hapa anakata sare za wageni," mama akasema. "Na wewe akukatie?"