Peku Hadi Juu

"Shikamoo," alisema Mzee Vinsenti akihema mlangoni kwangu, viatu vyake vya mjini vimejaa tope. Sikuitikia. Alikuja kumposea mwanawe binti wa dada yangu, na kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho.

Mwaka jana, mbele ya watu, alimcheka dada kwa Kiingereza, eti mtu wa bundoksi. Binti akanieleza: Wamarekani walilitoa neno hilo Ufilipino, ambako maana yake ni mlima tu, wakaligeuza la kudharau watu wa mbali.

"Dada yuko kule juu, anapalilia karoti," nikamwambia. "Kamwombe radhi, ndipo niitikie."

Akautazama mlima, akainama kukaza kamba za viatu.

"Vua," nikasema. "Huku bundoksi tunapanda peku."