Mkuyu wa Tutani

Paliondokea bwawa dogo, na juu ya tuta lililozuia maji yake alikaa Korongo wa kike akimngoja mumewe. Mume alikwenda kutafuta nyika yenye panzi, masika yakapita, asirudi. Kilichobaki ni mkuyu mchanga ulioota pale pale tutani, ambapo mume alizoea kutua.

Nguchiro, mkaguzi wa tuta, mwenye ulimi mkali, akaja akaunusa mkuyu ule shinani.

"Shemeji, huu ung'olewe leo hii. Mizizi ikinenepa italitoboa tuta, maji yatapenya, na sote tutakufa kwa kiu."

"Usiuguse!" Korongo akasema. "Mume wangu akirudi, atapajuaje kwake bila mti huu?"

Nguchiro akakaa kitako, ukali ukamwisha. "Shemeji, siku ile ya kwanza mlipofika, mkiwa bado angani, mliona nini?"

Korongo akakumbuka. Mkuyu haukuwapo siku ile. Walikuwa wamechoka, mabawa hayana nguvu tena, ndipo mumewe akapiga kelele za furaha: kule chini maji yalikuwa yanameta.

"Mwite Nungunungu aje achimbe," Korongo akasema. "Asiache hata mzizi mmoja, na shimo mlishindilie udongo."

Tangu hapo hakuna mche uliodumu kwenye tuta lile. Ukichipua tu, Korongo huung'oa mwenyewe kwa mdomo. Kisha huruka juu, juu sana, kuangalia kama maji bado yanameta.