Mashine ya Baba

Agneta alikuwa akipiga pasi kanzu ya mwajiri wake huko Al Twar, Dubai, mdogo wake alipompigia simu kutoka Kenya, hospitalini.

"Baba anataka kukusikia."

Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha kabisa. "Mheshimiwa, mashine inasaga?"

Bado alimwita hivyo, ingawa wapiga kura walikuwa wamemtoa Agneta katika bunge la kaunti. Mashine hiyo ya kusaga mahindi ndiyo iliyowasomesha wote. Mzee alipopooza, Agneta aliiuza kimyakimya ili agharamie kampeni ya kutetea kiti chake. Akashindwa, akaja Dubai kufanya kazi za ndani.

"Inasaga, Baba."

Mdogo wake akachukua simu, akasogea pembeni. "Dada, anatoka leo. Anasema hafiki nyumbani kabla hajapitia kuiona mashine yake. Pale pamebaki sakafu tu. Nimwambie nini?"

Mvuke wa pasi ulikuwa ukimchoma Agneta vidole. Hakuviondoa.

"Agneta! Yalla!" madam aliita kutoka sebuleni, akimharakisha.

"Usimwambie kitu," Agneta alisema. "Mpeleke."