Vijiti Vyekundu

Vijiti vyekundu vilikuwa vinang'olewa.

Phonsy aliona kutoka barazani kwake, akaacha kupepeta mchele. Wategua mabomu wote kumi walikuwa shambani mwake wakivichomoa kimoja kimoja na kuvitia guniani. Miaka miwili vijiti vile vilisimama pale, kila kimoja kikimwambia: hapa usikanyage. Mumewe alikanyaga kabla havijawekwa.

"Souliya! Mwanangu, njoo uone! Wamemaliza!"

Jirani yake Thongdam akatoa kichwa dirishani. "Si walisema mpaka mavuno yajayo?"

"Nasali hekaluni kila mwezi mpevu. Ulidhani bure?"

"Mi nashangaa tu. Wamwage mabomu wao kwa ndege enzi za vita, walipe wao yaokotwe. Wakubwa wale wa ng'ambo, shoga yangu, leo rafiki, kesho hawakujui."

"Utafune wivu wako taratibu, usije ukakupalia."

Desturi ya kazi ile kila mtu aliijua. Shamba likishakuwa safi, wategua mabomu hulipita kwa miguu yao wenyewe, mwenye shamba akitazama, ili moyo wake utulie. Kwa Thongdam walishikana mikono, wakatanda shamba zima. Leo walifuatana, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka barabarani. Phonsy hakuona ajabu. Na mashine zile za kutafutia mabomu mabegani, wangeshikanaje mikono?

Kiongozi wao, Daokham, aligeuka. Phonsy akamkunjia viganja kifuani kumshukuru. Daokham naye akakunja, akainamisha kichwa, akabaki vile mpaka dereva alipopiga honi mara mbili.

"Binti ana adabu huyo," Phonsy alisema. "Hata wali wangu hawakungoja!"

Souliya alikuwa ameshawasha trekta la mkono. Mvua zilikuwa zimeanza. Siku tatu zaidi, miche ingeozea kitaluni.

"Anzia upande wa mto, udongo wa kule laini. Na gunia la kwanza ni la watawa, nimeshaahidi."

"La pili la harusi yangu, mama. Usijifanye umesahau."

Akaondoka anapiga mluzi. Phonsy alirudia ungo wake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akajikuta anaimba.

Mwenyekiti wa kijiji alifika anahema, kiatu kimoja mguuni, karatasi mkononi.

"Bosi wao kaniachia hii nikuletee. Soma, mama Souliya. Soma upesi!"

Phonsy alisoma alivyofundishwa shuleni, kidole chini ya kila neno.

*Serikali mfadhili imebadili msimamo wake kwa nchi rafiki za Asia. Kazi zote zisimame leo. Vifaa vyote, pamoja na vijiti, virudishwe kabla ya saa sita. Upande wa mto haujaguswa.*

Aliinua macho. Kule mtoni trekta lilikuwa limeshageuka mara mbili, na Souliya alikuwa anampungia mkono.