Majani ya Shimo la Saba

Marcellin alikuwa amepiga magoti juu ya majani, na wanaume watano wenye mapanga walikuwa wamemzunguka. Bomba lake la kutobolea ardhi lilikuwa bado limesimama kwenye uwanja wa gofu, penye shimo la saba.

"Unachimba," alisema Ilunga, chifu wa Lusangi, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake.

Lusangi, ukitaja shimo watu wanafikiri dhahabu, na wanakumbuka vijana sita waliofukiwa mgodini. Théophile, tajiri wa Bukavu, alipoomba ardhi ya kuchezea gofu, walimpa kwa sababu moja tu: Marcellin aliwaahidi kwamba hakuna atakayechimba.

"Papa, miye sichimbi," alisema. "Watu wakikanyaga sana, udongo inakaza, majani inakosa pumuzi. Natoboa, natoa kipande, natia muchanga. Patron Théophile alinifundisha."

"Na kile kipande inaenda wapi?"

"Patron anapeleka Bukavu. Kule wanaangalia kama majani iko na ugonjwa."

"Udongo inaenda hospitali!" alisema mmoja, na wenzake wakacheka. Ilunga hakucheka.

Marcellin aligeuka kumtazama Théophile, aliyesimama barazani na kikombe cha kahawa. Neno moja tu lingemwokoa. Théophile alikunywa kahawa yake.

"Basi kula udongo," Ilunga alisema.

Hapo hofu ilimshika Marcellin kwelikweli. Kiapo cha udongo si mchezo. Aliyewahi kukila kwa uongo, kijiji kilimzika kabla ya mavuno. Lakini yeye alikuwa na nini cha kuficha? Mwaka mzima alikuwa ameyalea majani yale kama mtoto, akiyamwagilia asubuhi, akiyapunguza kwa mkono palipokuwa na mteremko.

Akachukua kutoka kwenye bomba kipande kibichi cha udongo, kirefu kama mshumaa.

"Kama humu iko dhahabu," alisema, "udongo hii inimeze, miye na mutoto wangu Grâce."

Akauma. Mchanga ulisagika menoni.

Wanaume wale walishusha mapanga. Ilunga alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, macho yamemlowa.

"Unisamehe, mwanangu. Yule mutoto ni mujukuu wangu."

Wakaondoka. Marcellin alibaki pale, mdomo umejaa udongo ambao bado hajaumeza. Alitaka kulia kwa furaha.

Théophile aliwasindikiza kwa macho mpaka wa mwisho alipopotea kwenye kona ya barabara. Kisha akatupa kikombe, akaja mbio na beseni jeupe mkononi.

"Tema!" alimkemea. "Tema humu, usimeze! Hii ya shimo ya saba ndiyo iko na dhahabu mingi!"